Juu ya nini makala inatoa mukuba lakini haitoi alumini



Mwaka jana nilitoa dola 30 kwa kazi yenye haiwezi kufanyika. Sisemi kama ilikuwa ngumu, wala kama tulikosa vyombo. Haiwezi kufanyika kabisa, na kila mmoja wetu mwenye alipita katika kursi ya kemia alikuwa na njia ya kuhakikisha hivyo kwa kalamu na karatasi, mbele ya kutoa hata franka moja. Mimi nilikuwa na lile daftari nyumbani. Sikulifungua.

Mambo yalianza hivi. Kijana mmoja wa kikundi chetu, mwenye akili na mwenye kupenda kazi, alituita siku ya Posho. Alikuwa amebeba ndoo ya udongo mwekundu, ule tunakanyaga kila siku hapa Lubumbashi. Akasema: "Bayaya, hii udongo iko na alumini ndani. Ni vitabu vinasema, hapana mimi. Wakubwa wetu hapa Katanga walitoa mukuba ndani ya majiwe kwa makala na mivukuto tu. Na papa wa kule sokoni anayeyusha alumini kwa makala kila siku, anamimina masufuria. Sasa sisi tunangojea nini?"

Mnaona uzuri wa maneno yake? Alisema mambo matatu, na yote matatu ni kweli. Alumini ndiyo metali yenye inapatikana zaidi katika ganda la dunia, karibu asilimia 8 ya uzito wake, na udongo wetu mwekundu uko nayo pamoja na chuma. Misalaba midogo ya mukuba ilikutwa katika makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, wakati wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua pale 1957 na 1958; na ile misalaba mitatu kwenye bendera ya Katanga ya 1960 haikutoka hewani. Na papa wa masufuria, sisi wote tunamujua. Ila ukichukua kweli tatu na kuziunganisha vibaya, unapata uongo mmoja wa dola 360, kwani tulikuwa watu kumi na wawili.

Tulinunua matofali, mashini ya kupuliza hewa, na mifuko ya makala. Tukajenga tanuru, tukaweka udongo ndani ya chombo, tukaufunika vizuri, tukawasha. Siku ya kwanza hiyohiyo, asubuhi baada ya moto kupoa, tulikuta kitone cha metali nyeupe yenye kung'aa, ukubwa wa harage. Watu walipiga vigelegele. Mimi pia nilipiga. Nitasema mbele kile kitone kilitoka wapi. Kwanza niwaeleze kile nilipashwa kuwaeleza wenzangu siku ile.

Wengi wetu tulitoka sekondari na wazo moja katika kichwa: reaksio (katika vitabu vya Tanzania wanaandika mmenyuko) yenye kutoa joto inaenda yenyewe, na ile yenye kukula joto haiendi mpaka uilazimishe. Wazo hilo linasaidia mara mingi, ndiyo maana linadumu. Lakini lijaribu na kitu kidogo. Chukua mbolea ya urea, tia ngumi moja ndani ya kopo la maji, koroga na mkono. Maji yanakuwa baridi. Urea inayeyuka huku ikikula joto la maji na la mkono wako, na hakuna mtu mwenye aliilazimisha. Kwa hiyo kuko kitu kingine chenye kuamua, na hicho kinaitwa entropia. Jina hilo alilitoa Clausius, Mjerumani, mwaka wa 1865.

Darasani walituambia entropia ni "vurugu," kisha wakatoa mfano wa chumba cha mwanafunzi chenye nguo zimetupwa popote. Mfano huo siupendi. Unafanya watu waone entropia kama uvivu au uchafu. Boltzmann alielewa zaidi: entropia ni hesabu ya njia. Kitu kinaweza kujipanga ndani mwake kwa njia ngapi, bila sisi wa inje kuona tofauti?

Tuhesabu kwa maharage, maana yanaonekana. Chukua maharage 10 mekundu na 10 meupe, uyapange katika nafasi 20. Kuko njia 184,756 za kuyapanga. Katika hizo zote, njia ambayo mekundu yote iko chini na meupe yote iko juu ni moja tu. Ukitikisa chupa, maharage hayana akili, hayapendi kuchanganyika, hayachukii kupangika. Yanaangukia tu kule kwenye njia mingi. Sasa toka kwenye maharage 20, nenda kwenye gramu 12 za makala. Mule kuko atomu zenye hesabu ya tarakimu 24. Pale "inaelekea kutokea" inageuka "inatokea," na "ni vigumu kutokea" inageuka "haitaonekana hata siku moja."

Na kitu chenye kuleta njia mingi kupita vyote ni gazi. Gramu 12 za kaboni ngumu zinaenea katika kiganja, tena nafasi inabaki. Kaboni hiyohiyo, ikishika oksijeni na kuwa monoksidi ya kaboni, inajaza ndoo kubwa ya litri 24 kwa joto la kawaida, na kila molekuli inazunguka kule inataka. Vitabu vinapima hivi: moli moja ya kaboni ngumu, 5.7 juli kwa kelvini. Moli moja ya ile gazi, karibu 198. Mkumbuke namba hizo mbili, tutazirudia.

Bon. Lakini hesabu ya njia haifanywi ndani ya chombo tu. Inafanywa pia inje. Reaksio ikitoa joto, joto lile linaingia katika hewa, katika matofali, katika vitu vyote vya kandokando, na vile vitu navyo vinapata njia mpya za kujipanga. Ndiyo maana kutoa joto kunasaidia. Si kwamba dunia inapenda joto. Na hapa ndipo penye siri ambayo mimi nilichukua miaka kuielewa: joto lilelile halina bei moja pahali pote.

Mpe mwanafunzi franka 10,000 mwisho wa mwezi, wakati hana kitu. Maisha yake yanageuka siku ile. Mpe mfanyabiashara mkubwa franka 10,000 hizohizo, hata hataziona. Joto nalo ni vile. Kilojuli 100 zikiingia pahali penye kelvini 300, yaani joto la nyumbani, zinaleta entropia ya juli 333 kwa kelvini. Zikiingia ndani ya tanuru lenye kelvini 1,500, zinaleta 67 tu, kwa sababu mule joto lilikuwa tayari jingi. Unagawanya joto kwa kelvini, basi.

Sasa ugeuze maneno. Kama kutoa joto ndani ya tanuru kunalipa kidogo, basi kukula joto ndani ya tanuru kunagharimu kidogo. Reaksio yenye kukula joto, yenye ilishindwa kabisa nyumbani, inaweza kupita ndani ya moto mkali, kwa masharti kwamba yenyewe inazaa njia mingi, na hiyo mara mingi maana yake ni kuzaa gazi. Hesabu yote hiyo, ya ndani na ya inje, Gibbs wa Marekani aliifunga katika mstari mmoja, katika maandiko yake ya 1876 mpaka 1878: nishati huru ni joto la reaksio, utoe kelvini mara entropia. Jibu likiwa chini ya sifuri, njia iko wazi. Likiwa juu ya sifuri, njia imefungwa. Wengi tuliujua mstari huo kwa moyo siku ya mitihani. Kuujua kwa moyo na kuutumia ni vitu viwili.

Turudi kwa wakubwa wetu wa mukuba. Jiwe lao la kijani ni malakiti. Ndani yake mukuba umefungwa pamoja na kaboni, oksijeni na maji. Ulipashe moto wa digrii 300 na kitu, linageuka jeusi: gazi ya kaboni inatoka, mvuke wa maji unatoka, oksidi ya mukuba inabaki. Reaksio hiyo inakula joto. Inapita sababu jiwe moja linazaa gazi mbili.

Halafu makala inakutana na oksidi nyeusi. Hapa nilifanya hesabu na jibu lilinishangaza. Moli mbili za oksidi ya mukuba na moja ya kaboni zinatoa kilojuli karibu 79 za joto, na tena zinaongeza entropia kwa juli karibu 189 kwa kelvini. Zote mbili ziko upande wetu! Maana yake: hata kwa joto la nyumbani, hata bila moto, njia iko wazi. Kwa karatasi, ukichanganya vumbi la makala na oksidi ya mukuba ndani ya mfuko na kuuacha chini ya kitanda, unapashwa kukuta mukuba.

Hautakuta kitu. Utakufa, watoto wako watakufa, mfuko utakuwa vilevile. Juu ya nini? Juu Gibbs anajibu swali moja tu: njia iko wazi ao imefungwa? Hajibu safari itachukua muda gani. Mbele ya atomu kuachana na wenzake wa zamani, inapashwa kupanda kilima kwanza, hata kama ngambo ya kilima ni mteremko mtupu. Kwa joto la nyumbani hakuna atomu za kutosha zenye nguvu ya kupanda. Almasi za Mbuji-Mayi ziko katika hali hiyohiyo: kwa Gibbs, almasi kwenye pete inapashwa kugeuka grafiti, ile nyeusi ya ndani ya kreyo, na tofauti ni kilojuli karibu 2.9 kwa moli. Wenye almasi walale salama, kilima ni kirefu sana. Kwa mukuba, kazi ya kwanza ya moto na mivukuto ilikuwa kupandisha watu kilima, hapana kufungua njia. Kisha moto ukipita digrii 1,085 mukuba wenyewe unayeyuka na kutiririka.

Lakini si metali zote ziko rahisi hivyo, na hapa naomba mtulie kidogo, sababu ndipo dola zetu zilipotelea.

Metali ikishika oksijeni, gazi inamezwa na kugeuka jiwe. Njia zinapunguka. Kwa hiyo kila ukiongeza moto, mkono wa metali juu ya oksijeni unalegea. Makala ni kinyume: kaboni mbili ngumu zinashika moli moja ya oksijeni, na kinachotoka ni moli mbili za gazi. Ile 5.7 imegeuka 198. Njia zinaongezeka, kwa hiyo kila ukiongeza moto, mkono wa makala unakaza. Ni kama watu wawili wanavutana kamba, na jua likizidi mmoja anachoka na mwengine anapata nguvu. Ellingham, Mwingereza, alichora mambo hayo yote kwenye ukurasa mmoja mwaka wa 1944: mistari ya metali inapanda, mstari wa makala unashuka, na pale mistari inakatana ndipo makala inaanza kushinda. Kwangu mimi, hakuna mchoro mzuri kupita huo katika kemia yote. Mwenye kuusoma anaweza kusimulia historia ya metali za dunia bila kufungua kitabu cha historia.

Mukuba iko juu kabisa, mnyonge, makala inamushinda bila jasho. Chuma anafuata, anataka moto wa digrii 700 na kitu, na wafua vyuma wa zamani waliuweza. Zinki, ile ya Kipushi, anashindwa kwenye digrii 900 na zaidi, lakini kwa joto hilo amekwisha kuwa mvuke. Asiyejua kumukamata anamuona anapotea na moshi.

Na alumini? Huyu ameshika oksijeni kama mtoto ameshika ziwa la mama. Hesabu ni hii. Kutoa moli mbili za alumini kwa makala, yaani gramu 54, reaksio inakula kilojuli 1,344. Faida ya entropia ni juli karibu 582 kwa kelvini. Tanuru letu, mashini ikipuliza vizuri, tuseme linafika digrii 1,250, ni kelvini 1,523. Zidisha: kilojuli 886. Tunadaiwa 1,344, tuko na 886. Deni linabaki kilojuli karibu 458, na njia imefungwa. Ili deni liishe, gawanya 1,344 kwa 0.582: kelvini kama 2,310, ni kusema zaidi ya digrii 2,000. Kwa joto hilo matofali yetu yangekwisha kuwa uji. Na hata ukifika kule, alumini haitoki safi, inashikana na makala yenyewe. Tena nimehesabu oksidi safi, wakati alumini nyingi ya udongo imefungwa pamoja na silika, na hiyo inazidisha deni.

Usiku ule nilipomaliza hesabu, nilimupigia simu kijana wetu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Yaya, hapo ndipo tutatia katalizeri. Nimesoma kuko chumvi fulani." Hapo nilikaa kimya, sababu ndilo jibu ambalo hata mimi ningelitoa nikiwa na miaka yake. Katalizeri inakata kilima, inafanya kilima kiwe kifupi. Ni msaada mukubwa sana kwa mfuko wa mukuba chini ya kitanda. Kwa alumini haisaidii kitu, sababu shida hapa siyo kilima. Ngambo ya kule iko juu kupita huku. Ukikata kilima, atomu zitarudi haraka tu kule zilitoka. Hakuna katalizeri, hakuna chumvi, hakuna dawa ya siri yenye kugeuza jibu la Gibbs. Mtu akikuletea mradi wa kemia, uliza swali hili kwanza: hiyo dawa yenu inaharakisha, ao inafungua? Akisema inafungua, shika feza yako.

"Na kile kitone?" akaniuliza.

Swali hilo sikuwa na jibu lake. Kitone nilikiona na macho yangu. Siku mbili nilijiuliza kama hesabu yangu ilikuwa na kosa, nikarudia namba zote mara tatu.

Ni papa wa masufuria mwenye alimaliza shauri. Tulimuita aone tanuru. Alizunguka mara moja, akatazama chombo, akatazama kitone kwenye kiganja changu, akauliza: "Batoto, mulifunika na nini?"

Tulifunika na kifuniko cha sufuria ya zamani. Tukakitafuta. Kilikuwa kimebaki kama nusu, ukingo wake umeliwa na moto. Alumini inayeyuka kwenye digrii 660, na sisi tulikuwa mbali juu ya pale. Hakuna mtu mwenye alitudanganya. Tulijidanganya sisi wenyewe kwa kifuniko cha mama wa mtu.

Papa yule hakusoma kemia, lakini tofauti ya kazi zetu mbili aliijua. Kuyeyusha alumini yenye imekwisha kutoka ni kulegeza atomu zake tu. Kuitoa katika oksijeni ni vita ingine. Kabla ya 1886 alumini safi ilikuwa kitu cha fahari: Wamarekani walipomaliza mnara wa Washington mwaka wa 1884, waliweka ncha ya alumini juu kabisa. Miaka miwili baadaye, Hall kule Marekani na Héroult kule Ufaransa, kila mmoja kivyake, walipata njia ya umeme: unayeyusha oksidi ndani ya kriyoliti kwenye digrii 950 na kitu, na umeme unalipa lile deni lenye moto ulishindwa kulipa. Mpaka leo ni vile, na kilo moja inakula kilowati-saa karibu 14. Ndiyo maana kila mara wakubwa wanaongea Inga, neno alumini linafuata nyuma. Kilo ileile, ukiitoa katika vyuma vya kutupa, inataka karibu asilimia 5 tu ya nguvu hiyo.

Katika zile dola 360 tulibaki na 140. Mkutano ulikuwa na makelele. Mmoja wetu alidai sehemu yake, tukamupa. Wengine tulikubaliana tanuru libaki, na kijana wetu akaenda kujifunza kumimina kwa papa, miezi mitatu. Sasa tunanunua mikebe, vipande vya mutoka na masufuria yenye kutoboka, tunauza mapya soko la jioni. Faida ni kidogo lakini inaonekana. Ndoo ya udongo mwekundu ingali pale kwenye kona, tunaikalia wakati wa kungoja moto ushike.